Ukitaka, Jibu Ndiyo

20 Januari

Mdogo wangu Povu,

Nimejaribu kukujibu kwenye simu mara tatu na simu imekataa kata kata. Inasema ujumbe haukwenda. Nikaipiga namba yako ya zamani, nayo haipatikani. Basi nimechukua kalamu. Bahati nzuri mwisho wa ujumbe wako uliweka sanduku la posta, jambo lililonishangaza, maana tangu utotoni wewe hukuwa mtu wa kusema unakwenda wapi.

Mimi mzima, isipokuwa masikio. Yameanza kugoma, moja baada ya jingine, kama wafanyakazi waliokosa likizo. Ndiyo maana sipendi tena kuongea kwa simu. Nilistaafu wodi ya wazazi mwaka juzi, lakini bado naishi jirani na zahanati, vyumba vyangu viwili vile vile, na wakunga wadogo wanakuja kuniuliza maswali wanayoyajua majibu yake, ili tu nisijione sina kazi.

Sasa nikwambie ukweli. Tangu tulipomzika mama miaka minne iliyopita, nilidhani mimi na wewe tumekwisha. Hatukugombana, hapana. Mama ndiye aliyekuwa uzi, na uzi ulipokatika shanga zikaenda kila moja upande wake. Wewe hukuandika, nami nikasema kama haandiki, mimi mkubwa nianze kwa nini? Kiburi cha mtu mzima, Mungu anisamehe.

Halafu juzi, nikiwa nachambua mboga, simu ikatikisika. Juu yake jina lako: POVU. Jina nililokupa mimi, kwa sababu ulikuwa ukisema mpaka povu linatoka. Na maneno: “Mpendwa, siku nyingi hatujakuona. Tumekukumbuka. Karibu, mlango wetu uko wazi siku zote isipokuwa Jumapili.” Nilikaa chini, Povu. Nililia kidogo, kisha nikacheka. Jumapili unakwenda wapi wewe?

Na si huo tu, mwaka jana uliniletea mingine miwili, nisijue pa kukujibia. Ule wa baridi ulionichekesha siku nzima: “Blanketi lako bado unalo? Lilete tukufulie.” Mjinga wewe! Miaka yote hii bado unakumbuka lile blanketi letu la bluu, ulilolilowesha wewe, na mimi nikasema ni mimi nimemwaga maji. Ninalo bado.

Lakini ule wa tarehe tisa Mei mwaka jana ndio ninaoutunza. “Leo ni siku yako. Tunafurahi ulizaliwa.” Unajua kwamba sikuwahi kuwa na siku. Mama alisema tu ni mwaka ule wa mvua nyingi. Nimewaandikia watoto wa watu kadi za kuzaliwa maisha yangu yote, na yangu haipo. Kumbe mama alikuambia wewe! Alikuambia lini? Alisema nilizaliwa asubuhi au jioni? Nijibu hilo kwanza kabla ya yote.

Mwaliko nimeukubali. Nitakuja mwisho wa Februari, siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Dada yako,
Mkunga mstaafu


29 Januari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta kazini, nimeshika pasi mkono mmoja na kola ya mtu mkono wa pili. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, ya tatu wifi yako akaninyang’anya akanisomea yeye, maana miwani yangu ilikuwa imejaa mvuke. Tuseme ulikuwa mvuke.

Njoo. Njoo hata kesho. Usiponitambua kituoni, tafuta tumbo, mimi nitakuwa nyuma yake. Nywele zilizobaki kichwani zinafahamiana kwa majina. Ile kazi ya kufua mashuka ya hoteli niliiacha, sasa nina duka langu la udobi, chumba kimoja cha mbele cha kupokelea nguo, na cha nyuma chenye mashine mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiitazama. Binti yangu, yule uliyemwona ana meno mawili, sasa ndiye bosi wangu. Amesoma mambo ya biashara. Kazi yangu kufua, kazi yake kunikaripia.

Umenifurahisha kwamba blanketi unalo. Sikuwa najua kwamba bado lipo duniani. Nashangaa halikutembea lenyewe likaondoka.

Hayo ya tarehe, dada, ni mazungumzo marefu. Tutayazungumza ukija, tumekaa, chai mezani. Barua haitoshi.

Chumba chako tumeshakifagia.

Mdogo wako,
Povu


14 Februari

Povu,

Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Leo nimelifungua na kurudisha nguo kabatini.

Asubuhi umeniletea ujumbe huu, naunakili ulivyo usije ukasema nimeongeza chumvi: “Tunahitaji idhini yako ili tuendelee kuwasiliana nawe. Ukitaka, jibu NDIYO. Usipojibu hadi mwisho wa mwezi huu, tutaliondoa jina lako.” Na safari hii simu ingekubali nijibu, maana umeweka namba ya kujibia.

Idhini? Wiki mbili tu zilizopita umenifagilia chumba. Kuna nini kilichotokea katikati? Nimekuudhi kwa kuuliza habari za mama? Nimeona ulivyolikwepa swali la tarehe, nikajisemea labda anaona uchungu, nimwache. Sasa unaniuliza kama nataka kuendelea kuwa dada yako, na nisiposema upesi unanifuta? Nimekubeba mgongoni mimi. Nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Hakuna siku uliyoniomba idhini, wala mimi sikukuomba.

Sijibu ndiyo. Sijibu hapana. Niondoe kama una nguvu hizo.

Dada yako, mpaka mwisho wa mwezi


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Anayekuandikia ni yule wa meno mawili. Sasa ninayo yote, na nastahili kung’olewa machache.

Baba hajui kama naandika. Barua yako ilipofika alikuwa anapiga pasi shati la mwalimu mkuu. Aliisoma mpaka mwisho akiwa bado ameikandamiza pasi. Shati lina alama ya pasi mgongoni kama ramani. Tangu siku hiyo hasemi. Kila jioni anachukua karatasi, anaandika “Dada yangu mpendwa”, anaichana. Baba kunyamaza! Hata wateja wanauliza kama meno yanamuuma.

Shangazi, ule ujumbe hakuuandika baba. Hata mmoja hakuuandika. Niliuandika mimi.

Duka letu linaitwa Povu. Baba alilichagua jina hilo mwenyewe, na hakutaka kumwambia mtu yeyote limetoka wapi. Miaka miwili iliyopita nilitafuta njia ya kuwavuta wateja, nikajiunga na kampuni moja inayotuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo. Mimi naandika maneno mara moja, mashine inayapeleka kwa kila mtu, na juu linatokea jina la duka. Namba nilizitoa kwenye simu ya zamani ya baba: wateja, jamaa, fundi bomba, na wewe. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Niliona kama namba ninayo, basi ruhusa ninayo.

“Tumekukumbuka” ilikwenda kwa kila ambaye hajaleta nguo muda mrefu. Wewe hukuwahi kuleta, kwa hiyo mashine ilikukumbuka kuliko wote. Blanketi ni kwa sababu ya msimu wa baridi. Jumapili tunafunga.

Kisha mwezi huu kampuni ile ikatuambia kwamba hairuhusiwi kumtumia mtu matangazo ya biashara mpaka mwenyewe aseme ndiyo, akijua anaambiwa nini na nani, na awe na njia ya kusema basi siku akichoka. Kunyamaza hakuhesabiwi kuwa ndiyo. Niliona ni usumbufu. Nikawatumia wote swali lile kwa maneno makavu, na sikukumbuka kwamba wewe umo, na kwamba wakati huo ulikuwa unapanga nguo kwenye sanduku.

Lililobaki ndilo zito. Mashine ile haikubali nafasi ya tarehe ya kuzaliwa ibaki tupu. Wote nisiojua tarehe zao niliwajazia siku niliyokuwa nayaingiza majina. Ilikuwa tarehe tisa Mei. Bibi hakumwambia baba chochote. Baba alipoiona barua yako ya kwanza alinifuata nyuma ya duka, uso umembadilika, akaniuliza ujumbe gani huo. Nikamweleza. Akasema, “Sasa nitamwambiaje? Amepata siku ya kuzaliwa uzeeni, mimi nimnyang’anye?” Ndiyo maana alilikwepa swali lako. Hakutaka kudanganya, na hakuwa na moyo wa kusema kweli.

Nakuomba radhi, shangazi. Sina la kuongeza.

Mpwa wako,
Bosi wa Povu


1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Meno yako nayaacha, utayahitaji kwa wajukuu.

Nilipoisoma barua yako nilifanya hesabu ya kikunga. Kwa hiyo fundi bomba naye alizaliwa tarehe tisa Mei, na wateja wenu sijui mia ngapi, wote siku moja! Ningekuwa zamu siku hiyo ningefia kwenye korido. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Baadaye kicheko kiliisha, nikabaki nimekaa. Nitakueleza kwa sababu umenieleza. Tarehe tisa Mei ile nilijinunulia viatu vyekundu. Mimi, na umri huu, vyekundu. Nilivivaa nikaenda zahanati kuwaambia wakunga wadogo kwamba kumbe nina siku, mdogo wangu ameipata kwa mama. Waliniimbia wodini, na mama mmoja aliyekuwa na uchungu akaimba nao kati ya uchungu na uchungu. Sasa niende nikawaambie nini? Kwamba ilikuwa mashine?

Na mwanangu, ukweli ni kwamba hilo la siku ninalivumilia. Linalonichoma ni “tumekukumbuka”. Niliufanya mto wa kulalia ule ujumbe. Kumbe hakuna aliyekuwa amenikumbuka. Baba yako alipopokea barua yangu alipokea mgeni, basi akamkaribisha kama mtu mwenye adabu.

Jina langu liondoe kwenye mashine. Hilo ni jibu langu kwa duka, na ni hapana, nimeitamka mwenyewe kwa akili zangu timamu. Kuhusu baba yako, mimi sijaulizwa kitu.

Shangazi yako


12 Machi

Dada,

Binti amenionyesha barua yako. Alikaa mbele yangu mpaka nikaimaliza, kama mwalimu anayesubiri daftari.

Nimekaa na kalamu siku kadhaa nikiogopa, maana wewe unajua kuniumbua hata kwa alama ya mkato. Lakini ninyamaze mpaka lini? Watu wananiita Povu na halitoki.

Kwanza nikuhadithie ya wateja, halafu nitafika. Lile swali la binti limetunyoa bila maji. Kati ya watu wote wale, waliojibu ndiyo wangekaa kwenye benchi letu la kungojea, na nafasi ikabaki. Kinyozi wa mtaani alijibu: “Ndiyo, lakini si asubuhi.” Mzee mmoja alijibu hapana, kisha akaja mwenyewe dukani na kanzu mbili kutueleza kwamba hana ubaya, ila simu ikilia anadhani kuna msiba. Mwingine aliuliza kama mke wake anaweza kuambiwa badala yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama nguo ni chafu. Wengi walinyamaza tu. Binti akawafuta wote. Nilimwambia, “Mwanangu, hao ni watu wetu, wamekaa kimya kwa sababu wameridhika.” Akaniambia, “Baba, mtu aliyeridhika na mtu aliyekwisha kuondoka wananyamaza sawasawa. Utawajuaje?”

Nilirudi kwenye pasi. Yale maneno yakanifuata huko.

Kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokufanya wewe. Miaka minne nilijisemea, dada yangu anajua ninavyompenda, hakuna haja ya kumwandikia, kama angekuwa na shida angesema. Niliuchukua ukimya wako nikaufanya ndiyo. Na wewe ulikuwa umekaa huko unauchukua wangu unaufanya hapana.

Unasema hakuna aliyekukumbuka. Duka nililiita Povu. Watu walinishauri majina mazuri ya kung’aa, wifi yako alitaka jina lenye neno “almasi”. Nilikataa. Kila asubuhi nikifungua mlango naliona jina ulilonipa wewe limeandikwa kwa rangi ya bluu, na mimi ndiye niliyemwambia mchoraji iwe bluu ya blanketi. Sikukwambia. Nilimwachia mchoraji ajue, wewe usijue. Kama kuna mjinga kuliko huyo mlete, nitamfulia bure.

Sasa nakuuliza, na hakuna mashine hapa, angalia mwandiko ulivyo mbaya. Naomba ruhusa nikuandikie kila mwezi. Nitakuwa naandika habari za hapa nyumbani, uongo kidogo na malalamiko ya magoti. Sitakuuzia kitu. Naomba pia ruhusa nije huko kwako kabla wewe hujaja huku, kwa sababu aliyepotea ni mimi na aliyepotea ndiye anayetakiwa kutembea. Ukikubali moja ukakataa jingine, nitaelewa. Ukikubali leo ukachoka mwakani, sema “Povu, basi”, nami nitaacha bila kununa. Tuseme nitanuna kidogo.

Na ile tarehe, dada. Binti amefuta jina lako kama ulivyosema. Kuna karatasi moja tuliyochapa zamani, ambamo jina lako bado limekaa pamoja na tisa Mei. Binti anataka kuichana. Nimemzuia. Si yetu kuichana. Niambie wewe tuifanyeje.

Usipojibu, sitasema umekubali. Sitasema umekataa pia. Nitajua tu kwamba sijajibiwa, na sitaandika tena mpaka nijibiwe. Hii itakuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya, waulize wanaonijua.

Mdogo wako,
Povu


18 Aprili

Mdogo wangu,

Najua umeteseka mwezi mzima. Mpwa wangu aliniandikia kadi ndogo, maneno matano: “Shangazi, baba anazungumza na mashine.” Nikamjibu mwache, mashine haina masikio kama mimi, wataelewana.

Sikukawia kwa kukukomoa. Wala sitasema uongo, siku tatu za kwanza nilikukomoa. Lakini baada ya hapo nilikuwa nalifikiria swali, kwa kuwa ni swali la kweli, na swali la kweli halijibiwi haraka haraka kama la dukani. Wewe ulipotaka kujua, ulinieleza unataka nini, mara ngapi, na mlango wa kutokea uko wapi. Sijawahi kuombwa kitu kwa adabu hiyo, hata yule marehemu mume wangu hakuniposa vizuri hivyo.

Haya, sikiliza.

Barua za kila mwezi, ndiyo. Lakini uongo upunguze, magoti uyaache. Ninayo yangu.

Kuja huku, ndiyo. Mtandiko wa pili upo, na mlango wangu uko wazi, Jumapili pia.

Matangazo ya duka bado ni hapana. Usimwachie binti akajaribu bahati.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni blanketi. Lifue. Lifue vizuri, na ile sehemu unayoijua wewe ifue mara mbili. Likikauka usilitume kwa basi, lilete mwenyewe mikononi.

Kuhusu ile karatasi. Nilienda zahanati nikawaambia wakunga ukweli wote, kwamba siku yangu ilitoka kwenye mashine ya dobi. Nilidhani watacheka. Yule mdogo wao kuliko wote akasema, “Sasa bibi, mwaka huu tusiimbe?” Nikarudi nyumbani nikavitoa viatu vyekundu nikaviweka mezani, tukatazamana.

Povu, nimepokea watoto wengi kuliko watu wanaoishi kwenye mtaa wako. Kila mmoja nilimwandikia tarehe kwenye kadi, akiwa analia, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anaitaka. Mimi ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyeulizwa.

Msiichane karatasi. Tarehe tisa Mei nimeikubali, ndiyo. Njoo siku hiyo na blanketi.

Dada yako

Viatu nimevipaka rangi upya.